Tafsiri za vitabu vya picha: Funzo kutoka kwa Kihispania

Mara kwa mara walimu wa shule za msingi, na wakati mwingine wazazi, huniuliza kama ni jambo la busara kumfunza mtoto mdogo lugha ngeni kwa kutumia vitabu vya picha vilivyotafsiriwa kutoka Kiingereza. Wanaouliza hutaraji jibu la ndiyo au la. Mimi huwaambia kwamba vitabu hivyo hufaa sana na huharibu vilevile, na kwamba tofauti baina ya kufaa na kuharibu yaweza kufichika katika neno dogo kama "yangu". Wengi huondoka wakidhani kwamba ninalikwepa swali. Naomba leo nieleze kwa urefu nilikolipatia jibu hilo, maana sikulipata katika ukumbi wa mihadhara bali jikoni mwangu, kutoka kwa mtoto wa miaka mitano.

Mwaka wa 2014 nilialikwa kufunza Kiswahili kwa mwaka mmoja wa masomo katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Texas, Marekani. Nilifuatana na mke wangu na binti yetu. Shule ya chekechea iliyokuwa karibu nasi ilikuwa ya lugha mbili: asubuhi watoto walifunzwa kwa Kihispania na alasiri kwa Kiingereza. Mipango ya namna hiyo si migeni nchini humo. Shule ya Coral Way ya mjini Miami ilianza kufunza kwa lugha hizo mbili mwaka wa 1963, wakati familia nyingi za Kikuba zilipokuwa zimehamia Florida. Binti yetu alikuwa na Kiswahili cha nyumbani na Kiingereza cha Nairobi. Kihispania hakukijua hata salamu. Mimi nami nilikijua kwa namna wanaisimu wanavyozijua lugha nyingi: ningeweza kueleza minyambuliko ya vitenzi vyake kwa saa nzima, lakini nisingeweza kuagiza kikombe cha chai.

Wiki ya kwanza alirejea nyumbani na kitabu cha Eric Carle kiitwacho kwa Kihispania La oruga muy hambrienta, yaani kiwavi mwenye njaa kubwa. Kitabu hicho, kilichotolewa kwa Kiingereza mwaka wa 1969, kimekwisha kutafsiriwa katika lugha zaidi ya 60. Sisi tulikuwa nacho kwa Kiingereza. Tulikinunua kando ya barabara katikati ya jiji la Nairobi, kikiwa kimechakaa na pembe yake moja ina alama za meno ya mtoto asiyejulikana. Kwa hiyo binti yetu alikijua kisa chote. Alijua kwamba Jumatatu kiwavi hula tufaha moja, Jumanne mapeasi mawili, na kuendelea hadi Ijumaa anapokula machungwa matano. Alipitisha kidole chake katika matundu ya kurasa kama alivyozoea, akawa anasubiri kusikia kila tunda linaitwaje katika lugha hii mpya.

Hapo ndipo nilipoona faida ya kwanza ya tafsiri, faida ambayo hadithi mpya ya Kihispania isingempa. Mtoto anayekijua kisa hana haja ya kuuliza kilichotokea. Akili yake yote iko huru kushika maneno. Picha inamwambia kwamba hili ni tufaha, kumbukumbu inamwambia kwamba ni siku ya Jumatatu, na sauti ya mwalimu inampa "manzana" na "lunes". Mwaka wa 2011 Jessica Horst na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watoto wa miaka mitatu waliosomewa hadithi ileile mara nyingi walijifunza maneno mapya vizuri zaidi kuliko wale waliosomewa hadithi mbalimbali zenye maneno hayohayo. Mama zetu walilijua hilo zamani, maana hakuna aliyewahi kuchoka kusimulia habari za Sungura na Fisi, wala mtoto aliyewahi kukataa kuzisikia tena. Naongeza tu kwamba katika majaribio hayo, kama nyumbani kwetu, kulikuwa na mtu anayesoma. Patricia Kuhl na wenzake walionyesha mwaka wa 2003 kwamba watoto wachanga wa Kimarekani walishika sauti za Kichina kutoka kwa mtu aliyekaa nao, lakini hawakuzishika kutoka kwa mtu yuleyule katika video. Shule inayonunua kaseti au skrini ikadhani imenunua mwalimu imejidanganya.

Furaha yangu haikudumu. Baada ya majuma mawili hivi binti yetu alikatiwa embe shuleni, akaliita "una mango". Wenzake wakacheka. Kwa Kihispania embe ni nomino ya kiume, kwa hiyo ni "un mango". Nilirejea katika kile kitabu cha kiwavi nikakipitia kwa jicho la mwanaisimu, na nilichokiona kilinishangaza kwa sababu nilikuwa nimekisoma mara nyingi bila kukiona. Manzana, pera, ciruela, fresa, naranja: matunda yote matano ya kitabu hicho, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, ni ya kike katika Kihispania. Kiwavi mwenyewe, oruga, ni wa kike, na kipepeo anayegeuka kuwa, mariposa, ni wa kike pia. Nomino za kiume hazikosi, maana aiskrimu ni "helado" na jibini ni "queso", lakini hizo ziko katika karamu ya Jumamosi, mahali ambapo watoto hucheka na kupiga kelele kiasi kwamba hawasikii sarufi. Binti yangu alikuwa ametunga kanuni kamili kutokana na ushahidi aliopewa: tunda lolote ni "una". Mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu angefanya hivyohivyo ningempa data hiyo.

Kosa si la Carle, kwani alipopanga matunda yake kwa Kiingereza hakuwa na jinsia ya kisarufi ya kuhangaikia. Alimwita kiwavi huyo kwa kiwakilishi cha kiume, na hilo likamtosha. Kosa si la mfasiri pia, kwani hawezi kuligeuza tufaha lililokwisha kuchorwa likawa ndimu. Hili ndilo jambo ambalo walimu hawana budi kulifahamu kuhusu kitabu cha picha kilichotafsiriwa: maneno yamebadilika lakini picha zimebaki, na picha hizo zilichaguliwa na mtu aliyekuwa akifikiri kwa lugha nyingine. Mwalimu wa binti yangu alilijua hilo bila kufunzwa isimu. Alichora embe, ndimu na tikiti kwenye karatasi, akavitoboa matundu, akaviingiza katikati ya wiki ya kiwavi. Tangu siku hiyo kiwavi wa darasa lile alikula "un mango, un limón, un melón", na "una mango" haikusikika tena kwetu.

(Jaribu, msomaji, kukipitisha kitabu hichohicho katika Kiswahili. Utapata tufaha moja, mapeasi mawili, plamu tatu, stroberi nne, machungwa matano: ngeli mbili zinapokezana na namba zinajigeuza kuzifuata, jambo ambalo Kiingereza hakina na Kihispania kinalo kwa "moja" peke yake. Kisha kiwavi na kipepeo, wote wawili wenye umbo la KI-VI na wote wawili wakidai upatanisho wa A-WA kwa sababu wana uhai. Ni somo zima la ngeli ambalo mwandishi wake hakujua kwamba anaandika.)

Kuna kitabu kingine ambacho kilinipa fikira kama hizo. Katika Oso pardo, oso pardo, ¿qué ves ahí?, ambacho Bill Martin Jr. alikiandika kwa Kiingereza mwaka wa 1967 na Carle akakichora, wanyama wenye rangi mbalimbali huulizana wanaona nini. Kwa mtoto wa Kiingereza hiki ni kigumu kidogo kwa sababu katika Kihispania rangi hufuata nomino. Kwa binti yangu hakikuwa kigumu hata chembe, maana "oveja negra" ni "kondoo mweusi", neno kwa neno. Lakini tazama orodha yenyewe: dubu, ndege, bata, farasi, paka na mbwa, wote ni majina ya kiume. Chura ni wa kike, lakini rangi yake, "verde", haibadiliki kwa jinsia. Anabaki kondoo peke yake kumwonyesha mtoto kwamba "negro" hugeuka "negra". Mwalimu anayejua hilo atakaa kwenye ukurasa wa kondoo kwa muda mrefu kidogo.

Nikitaja kondoo mweusi na rangi inayofuata nomino, ninagusa jambo ambalo sijaona likizungumzwa na walimu wetu, nalo ni kwamba mtoto wa Kiswahili hana sababu ya kupitia Kiingereza ili akifikie Kihispania. Wanaisimu Ruth Berman na Dan Slobin walichapisha mwaka wa 1994 utafiti mkubwa ambamo watoto na watu wazima wa lugha tano walipewa kitabu cha picha kisicho na maneno, cha Mercer Mayer, kuhusu mvulana anayemtafuta chura wake aliyetoroka. Katika picha moja bundi anatoka katika tundu la mti. Msimulizi wa Kiingereza hupenda kitenzi kinachoeleza namna, kama kuruka au kuchomoka, kisha huweka kineno kidogo kuonyesha kwamba mwendo ulikuwa wa kutoka ndani kuja nje. Msimulizi wa Kihispania husema "sale", yaani anatoka, na basi. Mwendo umo ndani ya kitenzi: salir, entrar, subir, bajar. Sasa tazama tulivyo sisi: kutoka, kuingia, kupanda, kushuka. Mhispania na Mswahili wametumia njia moja. Namna ya kutoka, kama ni kwa kasi au kwa kunyata, huongezwa ikihitajika, na katika kitabu cha picha mara nyingi haihitajiki, kwa sababu macho yamekwisha kuiona.

Kutokana na hilo unaweza kumjua mfasiri mwema na mbaya bila kutazama jina lake. Mwema huiachia picha kazi yake. Bundi amechorwa mabawa yamefunguka. Mfasiri huandika kwamba alitoka. Mbaya hulifuata kila neno la Kiingereza mpaka sentensi inajaa vielezi, na mtoto anayesomewa hupotelea njiani kabla bundi hajatoka tundini.

Nafika sasa kwenye yale makosa madogo niliyoyataja hapo awali. Jirani yetu alikuwa bibi mmoja Mmeksiko, tuliyemwita Doña tu, ambaye alilea wajukuu wake na mara nyingi binti yetu alikuwa miongoni mwao. Jioni moja watoto waliitwa mezani, binti yangu akajibu kwa fahari: "Lavo mis manos." Bibi aliangua kicheko. "¿Y de quién más van a ser?" akamuuliza. Kwani ingekuwa ya nani mwingine? Kisha akamfunza: "Me lavo las manos." Katika Kihispania kitenzi chenyewe kimekwisha kueleza kwamba anayeosha anajiosha, ukiongeza "mis" umesema jambo ambalo hakuna aliyekuuliza. Nilipodadisi sentensi hiyo ilitoka wapi niligundua kijitabu cha picha kuhusu usafi wa mwili, kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza. Ukurasa kwa ukurasa mtoto aliosha mikono "yake", akapiga mswaki meno "yake", akachana nywele "zake". Na kila sentensi ilianza na "él": yeye anaamka, yeye anavaa, yeye anakula, ilhali katika Kihispania mwisho wa kitenzi kwa kawaida hutosha kumtambulisha mtendaji, na kiwakilishi huwekwa kwa ajili ya mkazo. Hapakuwa na kosa hata moja ambalo mwalimu angeweza kulipigia mstari mwekundu. Kijitabu kizima kilikuwa Kiingereza kilichovaa nguo za Kihispania.

Bibi yule hakukifurahia. Aliniambia, kwa mchanganyiko wetu wa lugha mbili na ishara za mikono, kwamba wajukuu wake wote walizungumza hivyo, na kwamba wakati mwingine huwasikiliza akahisi wanamzungumzia kutoka ndani ya nyumba nyingine. Sijalisahau neno hilo. Zaidi ya watu milioni 40 huzungumza Kihispania majumbani mwao nchini Marekani, lakini idadi si kinga. Huko California wapiga kura waliidhinisha Hoja ya 227 mwaka wa 1998, ikaibana vikali elimu ya lugha mbili, na ikawachukua hadi mwaka wa 2016 kuibatilisha kwa Hoja ya 58. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza chini ya sheria ile ya kwanza alikuwa mtu mzima ilipoondolewa. Katika mazingira kama hayo, kitabu cha picha ambacho mtoto anasomewa kwa dakika 10 kila usiku kina uzito mkubwa kuliko tunavyodhani, kwa sababu huenda hicho ndicho Kihispania cha maandishi pekee anachokutana nacho.

Kwa nini basi tafsiri ni nyingi hivyo? Sababu moja ni ya kibiashara wala haina siri. Mchapishaji aliye na kitabu kilichouzwa vizuri kwa Kiingereza anazo tayari picha, ambazo ni gharama kubwa katika kitabu cha namna hiyo. Kinachobaki ni maneno mia chache ya kutafsiriwa. Na mfasiri hulazimika kuyaingiza maneno ya Kihispania, ambayo aghalabu huwa marefu kuliko ya Kiingereza, katika nafasi ileile nyeupe iliyo chini ya picha. Ongeza juu ya hayo vina. Kitabu cha Margaret Wise Brown cha mwaka wa 1947, ambacho Wahispania wanakisoma kama Buenas noches, luna, kinategemea mlio wa maneno ambayo kwa Kiingereza hufanana mwishoni. Panya na nyumba, kwa mfano, huoana kwa Kiingereza, lakini "ratón" na "casa" hawajuani. Mtoto wa Kihispania anabakiwa na chumba kizuri, mwezi dirishani na usingizi, bila wimbo.

Hata hivyo sitaki msomaji afikiri kwamba ninailaumu tafsiri kwa kuwa tafsiri. Yuko mtu aliyeonyesha kinachowezekana, naye aliishi zamani. Rafael Pombo, mshairi wa Kolombia aliyezaliwa mjini Bogotá mwaka wa 1833, alikaa New York kwa miaka mingi. Huko kampuni ya uchapishaji ya Appleton ilimpa kazi ya kutafsiri nyimbo za watoto za Kiingereza. Mwaka wa 1867 ikatoka Cuentos pintados, maana yake hadithi zilizochorwa, kwa hiyo kwa kweli alikuwa akifanya kazi hii tunayoijadili leo. Lakini Pombo hakuyafuata maneno. Chura wa Kiingereza aliyekwenda kuposa akawa kiluwiluwi mtanashati aliyevaa vizuri asubuhi moja, akamkaidi mamake, akaenda kustarehe na panya, na mwishowe akamezwa na bata. Vina ni vya Kihispania, mzaha ni wa Kihispania, na mama anayebaki peke yake mwishoni angeweza kuwa mama yeyote wa Bogotá. Vizazi na vizazi vya watoto wa Kolombia wamekariri hadithi hiyo, na ni wachache miongoni mwao wanaojua kwamba ilianza kwa Kiingereza. Mwalimu wa Kihispania akiniomba kitabu kimoja cha kuanzia, nitampa Carle kwa ajili ya msamiati, maana hakuna kinachomshinda. Akiniomba cha pili nitampa Pombo, ili mtoto apate kusikia lugha hiyo inavyocheza ikiwa kwao.

Yapo pia mambo ambayo mfasiri mwema huyabadili hata kama picha zinamkatalia. Jogoo wa Kihispania huwika "quiquiriquí", karibu na kokoriko yetu, wala hawiki kama jogoo wa Kiingereza. Mtoto wa Kihispania aking'oka jino haji malaika mwenye mabawa usiku kulichukua. Huja panya aitwaye Ratón Pérez. (Sisi tulilirusha juu ya paa, na sikumbuki kulipwa chochote.) Na hadithi ikiisha, msimulizi hufunga kwa "colorín colorado", kama vile sisi tunavyofungua kwa paukwa na kusubiri pakawa. Tafsiri isiyo na mambo hayo humfunza mtoto majina ya vitu, ikamnyima ufunguo wa mlango.

Tulirejea Kenya katikati ya mwaka wa 2015. Nikiwa bado nimejaa kicheko cha yule bibi wa Meksiko, niliwasimulia wenzangu chuoni kisa cha "mis manos", nao wakacheka. Kisha tukaenda Mombasa kumwona mama yangu, ambaye hakuvuka darasa la nne. Chakula kilipoandaliwa, binti yangu akamwambia: "Nyanya, ngoja kwanza, ninaosha mikono yangu."

Mama akamtazama, akanitazama mimi. "Huoshwa vyombo, mjukuu wangu," akasema, "na huoshwa maiti. Wewe u hai. Nenda ukanawe."

Nilijaribu kujitetea kwamba ni Kiingereza cha Texas kilichomharibu mtoto. Usiku ule nilifungua sanduku la vitabu vyake na kukitoa kile cha Kiswahili tulichokwenda nacho makusudi ili lugha isimpotee. Kilikuwa kitabu cha picha kuhusu siku moja ya mtoto, kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza. "Yeye aliamka. Yeye aliosha mikono yake." Nilikuwa nimemsomea kitabu hicho, mimi mwenye shahada ya uzamifu katika isimu ya Kiswahili, takriban kila usiku kwa mwaka mzima. Makosa niliyoyaona kwa Kihispania katika dakika tano sikuyaona kwa Kiswahili katika miezi kumi. Yale "yeye, yeye" yaliyoniudhi katika "él, él" yalikuwa yakitoka kinywani mwangu mwenyewe, ilhali kiambishi "a" kilikuwa kimekwisha kumtaja mtendaji.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Nadhani sababu ni kwamba lugha ya mtu mwingine tunaisikiliza, bali yetu tunaipitia tu, hasa inapokuwa imechapishwa na kuwekwa picha nzuri. Na vitabu vya namna hiyo sasa ni vingi kuliko zamani. Mradi wa African Storybook, ulioasisiwa Afrika Kusini na ambao tovuti yake ilifunguliwa mwaka wa 2014, umewezesha mwalimu yeyote kuchukua hadithi yenye picha na kuitafsiri katika lugha ya watoto wake bila malipo. Ni neema kubwa kwa shule zisizokuwa na kitabu hata kimoja cha hadithi, nami nawahimiza walimu waitumie. Lakini mwalimu huyo ndiye mfasiri, na mara nyingi ameketi na Kiingereza upande mmoja na karatasi upande wa pili, usiku, baada ya kusahihisha madaftari 50.

Kwa ajili yake nimekuwa nikilifanya zoezi moja na wanafunzi wangu wa mwaka wa pili, wengi wao wakiwa walimu watarajiwa. Kila mmoja huleta kitabu cha picha kilichotafsiriwa kwa Kiswahili. Huyafunika maneno yote kwa vipande vya karatasi, kisha humsimulia mwenzake hadithi hiyo kwa kutazama picha tu, huku mwenzake akiandika kila analolisikia. Wanaosoma Kihispania hufanya vivyo hivyo kwa Kihispania, wakisaidiwa na mwalimu wao. Hapo ndipo karatasi huondolewa na maandishi mawili huwekwa bega kwa bega. Mwanzoni darasa huwa na kicheko, baadaye kimya.

Muhula uliopita msichana mmoja alipata ukurasa wenye picha ya mvulana aliyeinama penye bomba la maji, povu limemjaa vidoleni. Kitabu kilikuwa kimeandika: "Yeye aliosha mikono yake." Katika daftari la mwenzake, ambaye aliandika alichosikia na si zaidi, palikuwa na neno moja: "Akanawa."